USINGOJE MACHO YAWE MANJANO

Ndugu msomaji, tuseme ni asubuhi katika hospitali moja ya Kisangani. Mtoto wa miaka mitatu amelala mikononi mwa mama yake. Malaria imemmaliza damu; viganja vyake vimekuwa vyeupe. Muuguzi anasema: «Damu inatakiwa, tena upesi.» Baba hangoji kuulizwa mara ya pili. Yeye ni dereva wa toleka, zile baiskeli za kubebea watu, na mikono yake ni ya mtu wa kazi. Anajitoa, damu yake inapimwa. Baada ya muda muuguzi anarudi na kumwita pembeni.

— Papa, damu yako hatuwezi kutia mtoto. Kipimo kinaonyesha virusi vya hepatiti B. Ni ugonjwa wa ini.

— Miye? Hapana, munganga! Kila siku niko napiga pedale toka Mangobo mpaka soko kuu. Sina homa, ninakula muzuri. Angalia macho yangu: iko meupe!

Damu ya mjomba inafaa, mtoto anapona. Lakini jioni nyumbani maneno yanaanza. Mama mkwe anauliza: «Ule ugonjwa aliutoa wapi?» Ndugu za mume wanamtazama mke kwa jicho baya. Kesho yake sahani ya baba imewekwa peke yake.

Huu ni mfano tu, na baba huyu hatumpi jina. Lakini waulize wanaofanya kazi penye kutia damu. Watakuambia kwamba watu wengi hujua wana hepatiti B siku ile tu wanapotaka kumtolea ndugu yao damu. Ndiyo sababu tunaleta habari hii kwenu wazazi, na kwenu vijana. Sisi tumezoea kusema: ugonjwa wa ini ni macho ya manjano. Asiye na manjano ni mzima. Kumbe ndipo tunapokosea.

INI LINAFANYA KAZI GANI?

Weka mkono wako wa kuume chini ya mbavu za upande huo huo. Hapo ndipo ini linapokaa. Kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Linaweka akiba ya sukari kwa kazi ya mwili. Linatengeneza vitu vinavyofanya damu igande mtu akijikata. Linapokea sumu, za pombe na za dawa, na kuzivunja. Tena linafanya nyongo, ambayo inasaidia tumbo kusaga mafuta.

Ini likivimba kwa sababu ya ugonjwa au sumu, waganga wanasema mtu ana hepatiti. Basi, hepatiti maana yake ni kuvimba kwa ini tu. Haijasema bado limevimba kwa sababu gani.

Na manjano yanatoka wapi? Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjika. Katika kuvunjika hutoa rangi ya manjano, na ni kazi ya ini kuitoa rangi hiyo mwilini kwa njia ya nyongo. Ini likichoka, rangi inabaki katika damu. Inaonekana kwanza machoni, kisha katika ngozi. Mkojo unakuwa mweusi kama chai kali, na choo kinapauka.

Lakini angalia vizuri: macho ya manjano yanaweza kutoka pia kwa malaria kali, kwa ugonjwa wa SS, kwa mawe katika mfuko wa nyongo, au kwa ile homa ya manjano yenyewe inayoletwa na mbu. Hata mtoto mchanga anaweza kupata manjano siku za kwanza. Kwa hiyo mtu asiseme kwa kuangalia macho tu: «Ni ini, najua dawa yake.» Kati ya 2003 na 2012 ilikusanywa damu ya wagonjwa wa nchi yetu waliodhaniwa kuwa na homa ya manjano. Wataalamu walipoipima tena, walikuta wengi walikuwa na virusi vya hepatiti, na zaidi sana vya B. Ikiwa waganga wenyewe wanahitaji kipimo ili kujua, sembuse sisi?

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Ndani ya ini hakuna mishipa ya maumivu. Ngozi yake ya nje tu ndiyo inayosikia. Linaweza kuharibika miaka mingi bila kumwambia mwenyewe kitu. Jino likioza, huwezi kulala. Ini likioza, unaweza kuendelea kuimba katika kwaya na kucheza mpira.

JAMBO HILI LINA HISTORIA KISANGANI

Pengine wengi wenu hamjui kwamba mji wetu una sehemu yake katika kuutafuta ugonjwa huu. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, wakati mji uliitwa bado Stanleyville, sokwe walifugwa katika kambi ya Lindi, karibu na mji. Daktari Courtois wa laboratware ya Stanleyville na wenzake, pamoja na Deinhardt aliyetoka Philadelphia huko Marekani, waliwatia sokwe hao virusi vya hepatiti vya watu. Kisha walipima damu yao kuona kazi ya ini inaendaje. Habari ya majaribio hayo ilichapwa mwaka 1962.

Wakati ule hakuna aliyekuwa ameviona virusi vyenyewe. Mwaka 1965 Mmarekani Baruch Blumberg na wenzake walitangaza kitu kigeni walichokikuta katika damu ya mwenyeji wa Australia. Baadaye ilijulikana kuwa ni sehemu ya virusi vya hepatiti B. Mwaka 1976 alipewa Tuzo ya Nobel. Siku aliyozaliwa, tarehe 28 Julai, leo ni Siku ya Hepatiti Duniani. Kipimo wanachofanya waganga wetu, wanachokiita «antijeni HBs», kinatafuta kitu kile kile cha Blumberg. Siku hizi tone moja la damu linatosha, na jibu linatoka baada ya dakika chache.

HEPATITI ZA MAJI NA MIKONO

Virusi vya hepatiti ni vya namna tano: A, B, C, D na E. Tuvigawe mafungu mawili ili usivisahau.

A na E vinapita kwa choo na kuingia kwa kinywa. Mtu mgonjwa anajisaidia karibu na mto au kisima, mvua inanyesha, maji yanachukua uchafu, mwingine anakunywa. Au mtu anatoka chooni, hanawi mikono, anakanda chikwangue. Sisi watu wa Kisangani tunakaa kandokando ya mto mkubwa, na wengi wanateka maji mahali pale pale wengine wanapofua na kuoga. Kule wanakochimba almasi na dhahabu, njia ya Banalia na Bafwasende, mara nyingi ni mashimo, maturubai na watu wengi, lakini choo hakuna.

Kwa kawaida hepatiti A na E huisha zenyewe; mwili unazishinda kwa majuma machache. Lakini E ni hatari kubwa kwa mama mwenye mimba. Katika miezi mitatu ya mwisho inaweza kuua mama 20 mpaka 25 katika kila 100 wanaougua. Majirani wetu wa Uganda waliliona jambo hilo. Katika wilaya ya Kitgum, kwenye kambi za watu waliokimbia vita, hepatiti E ilianza mwaka 2007. Ilipokwisha, watu zaidi ya 10.000 walikuwa wameugua na 160 hivi walikuwa wamekufa. Haikutakiwa dawa ya ajabu kuizuia. Yalitakiwa vyoo, sabuni na maji safi.

HEPATITI ZA DAMU

B, C na D hazitafuti mto. Zinapita kwa damu na kwa maji maji mengine ya mwili: mama kwa mtoto wakati wa kuzaa, mume kwa mke na mke kwa mume, sindano iliyotumika, damu isiyopimwa, wembe mmoja kwa watu wengi. Virusi vya B vinaweza kukaa nje ya mwili, katika tone la damu lililokauka, siku 7 au zaidi, na bado vikawa na nguvu.

Sasa fikiria maisha yetu. Kinyozi wa barabarani ana wembe mmoja tangu asubuhi. Kijana anayepita na chupa za rangi akikata kucha za wamama ana mkasi mmoja kwa kartie nzima. Mganga wa mizizi anachanja watoto watano chale kwa wembe ule ule. Kuna anayepiga watu sindano nyumbani, naye sindano anaichemsha kidogo, au hachemshi kabisa. Na wachimbaji kambini wanaazimana wembe wa kunyolea ndevu, kwa maana wao ni ndugu. Undugu ni mzuri, lakini wembe uwe wa kila mtu.

Hepatiti D inampata tu mtu mwenye B, na inazidisha ubaya wake. Hepatiti C haina chanjo, lakini ina dawa za vidonge. Anayezifuata kwa miezi miwili au mitatu hupona, zaidi ya watu 95 katika 100.

Hepatiti B ndiyo kubwa kwetu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi nayo, na kati yao milioni 65 hivi ni wa Afrika. Na hapa ndipo tunataka usome polepole. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake unaishinda. Wanaobaki nayo hawafiki 5 katika 100. Lakini mtoto mchanga akiambukizwa, watoto 95 hivi katika 100 wanabaki nayo maisha yao yote. Mtoto huyo hapati manjano, hapati homa. Anakua, anasoma, anaoa. Halafu, akiwa na miaka 30 au 40, tumbo linaanza kujaa maji, miguu inavimba, anatapika damu. Watu wanasema amerogwa. Wanamtafuta mchawi katika jamaa, na pengine wanamfukuza mzee asiye na kosa. Kumbe ni ini lililokauka na kuwa gumu, au kansa ya ini, na ugonjwa uliingia siku ile alipozaliwa.

Si kila mwenye B anafika huko. Kati ya watu wazima 100 wanaoishi nayo, ni 20 mpaka 30 watakaoharibika ini namna hiyo. Lakini nani anajua yeye ni wa hesabu gani, asipofuatwa na mganga?

Basi, turudi kwa baba yetu wa toleka. Mama mkwe aliuliza: «Aliutoa wapi?» Jibu la kweli ni kwamba, pengine, aliupata kwa mama yake mzazi, au kwa watoto wenzake, kabla hajajua kusema. Huko Afrika wengi wanaoishi na B waliipata utotoni. Kipimo hakisemi ni lini wala kwa nani. Kwa hiyo hakimshuhudii mke kwamba ni mzinzi, wala mume. Wazazi, msivunje nyumba kwa sababu ya karatasi ya laboratware!

Na ile sahani ya peke yake? Iondoeni. Hepatiti B haipiti kwa kula pamoja, kusalimiana kwa mkono, kukumbatiana, kukohoa, wala kwa maziwa ya mama. Wembe na mswaki ndivyo visiazimwe.

POMBE, UKUNGU NA DAWA

Ini linavimba pia bila virusi. Vijana, mnaijua lotoko. Pombe kali ya kila siku inaliharibu ini polepole, na kwa mtu mwenye hepatiti B au C ni kama kumwaga petroli juu ya moto. Yeye asinywe hata kidogo.

Adui mwingine anakaa ghalani. Karanga na mahindi yaliyowekwa na unyevu hupata ukungu, na ukungu wa namna fulani hutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Huko Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliwaugua watu 317 upande wa Makueni na Kitui, 125 walikufa. Ikiliwa kidogo kidogo miaka mingi, sumu hii huleta kansa ya ini, na zaidi kwa mwenye hepatiti B. Hapa kwetu mvua ni nyingi. Anikeni mpaka ikauke kabisa, wekeni mahali pa juu penye hewa, tupeni iliyoota ukungu. Kuikaanga au kuipika hakuiondoi sumu hiyo.

Tena, dawa. Parasetamoli ni dawa nzuri, lakini mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja. Zaidi ya hapo inaweza kuua ini. Na mtu mwenye macho ya manjano, msimnyweshe mizizi michungu, wala msimtie dawa kwa nyuma kwa bomba «ili manjano yatoke». Manjano hayatoki kwa njia hiyo. Ini lililokwisha kuchoka linaongezewa sumu ya kuvunja, na mgonjwa aliyehara sana anaishiwa maji.

BASI TUFANYE NINI?

1. Mama mwenye mimba, ukienda CPN, omba upimwe hepatiti B kama unavyopimwa UKIMWI. Ukiwa nayo, usiogope: kuna dawa ambayo mganga anaweza kukupa mwisho wa mimba ili kumkinga mtoto.

2. Mtoto apate chanjo. Shirika la Afya Duniani linaomba kila mtoto apewe ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Ulizeni maternite yenu kabla ya siku ya kuzaa kama ipo. Kisha kuna zile za majuma 6, 10 na 14. Katika nchi yetu chanjo ya hepatiti B iliingia katika chanjo za watoto mwaka 2007. Msikose hata moja kwa sababu ya shamba au safari ya mgodini. Chanjo ya B inamkinga mtoto na D pia.

3. Wewe uliyezaliwa kabla ya 2007, huenda hukuipata chanjo hiyo. Upimwe. Ukiwa huna virusi, unaweza kuchanjwa hata ukiwa mtu mzima. Wauguzi, wakunga na wanafunzi wa utabibu wasichelewe.

4. Kinyozi, mchanja chale, anayetahiri: kila mtu aje na wembe wake mpya. Sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Damu ya kutiwa mtu ipimwe UKIMWI, hepatiti B, hepatiti C na kaswende.

5. Uaminifu katika ndoa, na kondomu mmoja akiwa na virusi na mwenzake hajamaliza chanjo.

6. Nawa mikono kwa sabuni, chimba choo mbali na kisima, chemsha maji ya kunywa.

7. Nenda hospitali siku hiyo hiyo mgonjwa akianza kusema ovyo, kulala mchana na kukesha usiku, kutapika damu, kutoka damu puani, au tumbo likijaa maji. Mama mwenye mimba mwenye macho ya manjano asingoje hata dalili moja ya hizo.

Na baba wa toleka afanye nini? Asilie, wala asikimbilie dawa za kuuzwa sokoni. Arudi hospitali, ini lake lipimwe, na arudi tena kwa tarehe atakazopewa, hata akijisikia mwenye nguvu. Si kila mtu anahitaji kuanza dawa mara moja. Anayehitaji atapewa vidonge kama tenofoviri, vya kila siku kwa miaka mingi. Haviondoi virusi kabisa, lakini vinavilaza na kulilinda ini. Aache lotoko. Mke na watoto wapimwe, na wasio na virusi wachanjwe. Ndugu zake wa tumbo moja pia, maana pengine walizaliwa na mama mmoja mwenye ugonjwa ule ule.

Akifanya hivyo, anaweza kuendelea kupiga pedale toka Mangobo mpaka soko kuu miaka mingi, na kuona wajukuu. Siku ile alifikiri amekosa kumsaidia mtoto wake. Kumbe kwa tone lile la damu jamaa nzima imejua habari yake mapema.

Na wewe, ndugu msomaji? Usijiangalie machoni tu. Umekwisha kupimwa?